Lori Lililovuta Kushoto

Vijana wangu wa gereji,

Siku mliponiaga kwa blanketi na saa ya ukutani, mmoja wenu aliuliza kwa sauti, "Mzee, sasa ni nani atatusumbua na mambo ya breki?" Mkacheka, nami nikacheka. Lakini nilipofika nyumbani hapa Silibwet niliona kwamba swali lile linastahili jibu. Ndiyo sababu naandika, kwa kalamu, polepole, nikimshukuru Mungu kwa macho ambayo bado yanaona mstari. Sitaandika nilipandishwa cheo lini. Hayo yako kwenye faili, na panya wa stoo yetu mnawajua.

Nilifika kiwanda chetu cha chai mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kabla ya hapo nilikuwa kwenye gereji ndogo mjini Bomet, nikifufua injini za kusagia mahindi, na kabla ya hapo nilikaa miaka miwili shule ya Biblia, kwa kuwa baba alitaka mchungaji. Mwishowe kanisa lilipata mzee wa kanisa, kiwanda kikapata fundi, na baba akaridhika nusu.

Asubuhi ya kwanza mama watoto alinipigia shati pasi, nami nikang'arisha viatu. Aliyekuwa akikagua malori siku hizo ni Mzee Gachanja, mtu wa Murang'a aliyehamia Kericho ujanani na kuzeekea huku. Alitazama viatu vyangu kwa muda mrefu.

"Arap Koech, harusi iko wapi?"

"Nimekuja kazi, Mzee."

"Kazi iko chini." Akanirushia gunia. "Lala chini ya hiyo lori. Usiguse kitu. Ukitoka uniambie umeona nini."

Nililala pale karibu saa nzima. Nilipotoka nilimwonyesha kila tone lililokuwa sakafuni, nikijiona mwerevu. Akatikisa kichwa. "Mafuta ni kama umbea. Usihangaike na mahali yameangukia. Tafuta mahali yametoka." Nikarudi chini. Shati halikupona.

Malori yetu, kwa wale mliokuja baadaye, yalikuwa ya aina mbili. Moja lilibeba kuni za boila, na lile hakuna aliyelipenda. Mengine yalibeba majani mabichi kutoka vituo vya wakulima, magunia yakining'inia kwenye ndoano ndani ya bodi ya wavu ili jani lipate hewa. Lori la majani likipita karibu nawe mwezi wa mvua, linaacha harufu ya kijani ambayo sijaipata popote pengine. Hata sasa, upepo ukivuma kutoka upande wa Konoin, mimi husimama kidogo na jembe langu.

Kila lori lililofanyiwa sevisi lilijaribiwa barabarani kabla ya kurudi kazini. Mzee Gachanja alikuwa na utaratibu wake. Anavua kofia na kuomba maneno machache, anavaa kofia, anachukua nyundo na kugonga kila nati ya gurudumu, akiinamisha sikio. Iliyokazwa inalia kama kengele. Iliyolegea inaguna. Siku moja nilimuuliza, "Mzee, kama umeshaomba, nyundo ni ya nini tena?"

"Naombea kile sifikii," akasema. "Nati naifikia."

Nimesikia mahubiri mengi tangu siku ile, mengine nimeyatoa mimi mwenyewe, na sijui kama yapo yaliyopita hilo.

Baada ya nyundo tulitoka langoni, tukapanda kilima kando ya kitalu cha miche, tukageuza juu, kisha tukateremka mpaka darajani. Chini pale alisimama, akashuka, akagusa ngoma ya breki ya kila gurudumu kwa mgongo wa mkono. Zote zikiwa na joto sawa, breki zinafanya kazi sawa. Moja ikiwa baridi, hiyo imelala na wenzake wanaibebea mzigo.

Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza: aliyekaza breki lazima apande. Fundi anakaa upande wa abiria, hana usukani wala pedali, anateremka mtoni akitegemea kazi ya mikono yake. "Fundi akijua atapanda," Mzee alisema, "spana yake inaokoka." Ya pili ilihusu maji. Mnajua jani la chai hunyonya harufu yoyote, kwa hivyo malori yetu yalioshwa kila asubuhi, ndani na nje, na maji yaliingia kwenye breki. Breki yenye maji huvuta upande mmoja. Mgeni anaogopa bure, na mzoefu anapuuza kila kitu akisema ni maji. Sheria ilikuwa hii: ikivuta, endesha kidogo huku mguu umegusa pedali, uikaushe, halafu urudie mteremko. Maji hukauka, mafuta hayakauki. Ikivuta mara ya pili, fungua gurudumu.

Mzee Gachanja alistaafu akarudi shambani kwake, nami nikaachiwa nyundo. Kwa miaka kadhaa nilizishika sheria zake vizuri. Naandika haya ili mjue ilikuwaje siku nilipoziacha.

Ulikuwa mwaka wa mvua nyingi. Chai ilitoa majani mpaka wakulima wakachoka kuchuma. Malori mawili yalikuwa yameharibika klachi, na la tatu lilikuwa juu ya shimo langu la ukaguzi. Fundi mwenzangu alikuwa amekwenda matanga, kwa hivyo nilikaza breki mwenyewe na kukagua mwenyewe. Lilipooshwa, nikakuta Bwana Kirui, afisa wa majani, amesimama mlangoni na mwavuli.

"Koech, majani ya Boito yamelala kwa kituo tangu jana. Yameanza kuwa mekundu. Wakulima watanichuna ngozi."

"Nipe nusu saa niijaribu."

"Nusu saa? Bwana, na huyu dereva anangoja?"

Dereva alikuwa Joel arap Mosonik, ameegemea ukuta akila muhindi wa kuchoma. Aliendesha vizuri kuliko wote, ila alikuwa na tabia moja iliyojulikana hadi jikoni: akifika mteremko anaondoa gia na kuliacha lori lishuke lenyewe. Madereva waliita kwenda na fri. Walisema inaokoa dizeli. Mimi nilisema inaokoa dizeli na kupoteza watu.

"Mzee wa kanisa, fanya haraka," akaniambia. "Hiyo gari haiendi mbinguni, inaenda Boito."

Nikaomba, nikagonga nati, nikatoka peke yangu. Kwenye mteremko nilikanyaga breki na lori likavuta kushoto. Si sana, kama mtu anayekugusa begani. Nikajiambia, ni maji. Nilijua napaswa kukausha na kurudia. Niliwaona pia akilini wale wakulima kituoni, wamesimama kwenye mvua na majani yao, wengine nikiwajua kwa majina kutoka kanisani. Niligeuza pale darajani bila kushuka, nikarudi. Kwenye kadi niliandika: breki sawa. Nikatia sahihi.

Saa tisa za mchana habari ikafika. Mosonik alikuwa anashuka na mzigo kamili kutoka Boito. Alipokanyaga breki kwenye kona, lori lilikwenda kushoto lote, likaruka mtaro, likalala ubavu ndani ya shamba la chai. Mosonik alitoka na michubuko. Mpakiaji wake, Langat, baba wa watoto wanne, alivunjika mguu mahali pawili.

Nilipofika na gari la kukokota, Langat alikuwa ameshapelekwa hospitali. Magunia yalikuwa yametapakaa na akina mama walikuwa wanayakusanya bila kuambiwa. Bwana Kirui alipanda akachungulia ndani. Mti wa gia ulikuwa fri.

"Ndiyo hii!" akapiga kelele. "Si tumesema kila siku? Mosonik, ulikuwa na fri!"

"Gia iliruka wakati tulianguka," Mosonik akasema.

Watu wakacheka. Mtu mwenye sifa kama ile haaminiwi hata akisema kumenyesha. Meneja akasema atamsikiliza Ijumaa, na kila mtu alijua maana yake ni kufutwa kazi.

Jumatano nilifungua gurudumu la mbele la kulia. Nilikuwa peke yangu. Sili, ule mpira unaozuia grisi isitoke ndani, ilikuwa imepasuka. Grisi ilikuwa imelowesha laining ya breki, ile sehemu inayosugua ngoma, mpaka inang'aa kama mandazi. Gurudumu la kulia lilikuwa halishiki, ndiyo maana lori lilivuta kushoto. Nilipolijaribu asubuhi ya ajali lilikuwa baridi na halina mzigo, likavuta kidogo tu. Lilipopata joto na uzito wa majani, grisi ikayeyuka ikaenea.

Karibu na mguu wangu kulikuwa na karai la petroli. Dakika kumi za kuosha, na ile laining ingekuwa kavu na safi, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Sitawadanganya kwamba sikufikiria. Niliishika ile laining juu ya karai mpaka mkono ukachoka. Kisha nikaifunga kwenye gazeti nikaenda nayo nyumbani, jambo ambalo halikuwa ushujaa bali kuahirisha.

Mama watoto aliniona nimekaa na sahani.

"Baba Chebet, ni chakula hakina chumvi ama ni wewe?"

Nikamweleza yote. Akaendelea kupanga vikombe.

"Huyo Mosonik ana watoto wangapi?"

"Watano."

"Na wewe?"

"Si unawajua."

"Basi sijui nikuambie nini," akasema. "Lakini Jumapili ni wewe unasoma neno mbele. Utasoma ukiangalia wapi?"

Ijumaa niliingia kwa meneja bila kuitwa. Mosonik alikuwa amesimama, kofia mkononi, Bwana Kirui ameketi na faili. Niliweka gazeti juu ya meza nikalifungua. Meneja alirudisha kiti nyuma, maana ilinuka.

"Hii ni nini?"

"Ni breki ya mbele ya kulia. Imeingia grisi."

"Uliiona kabla gari itoke?"

"Sikuiona, bwana. Niliisikia kwenye usukani. Ilivuta nikasema ni maji."

"Na kwa kadi uliandika nini?"

"Niliandika breki sawa."

Kirui alifunga faili polepole. Mosonik alikuwa ananitazama, na uso wake haukuwa na furaha niliyoitarajia. Nilimwona kama mtu aliyepigwa. Nikafikiri ni mshtuko.

Nilipewa barua ya onyo na kuondolewa kwa muda kwenye kazi ya kujaribu malori. Nikawekwa kupaka grisi, kazi niliyofanya mwaka wangu wa kwanza, na niliona Mungu ana namna yake ya kuchagua adhabu. Mosonik akarudishiwa funguo.

Jumapili hiyo, baada ya ibada, alikuja nyumbani na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kuganda. Alivaa koti. Tukasalimiana chamgei, tukaketi, mama watoto akaleta vikombe. Nilimmiminia mgeni kwanza. Hakunywa. Alishika kikombe kwa mikono miwili kama mtu anayeota moto.

"Boiyot," akaniita, kama tunavyomwita mtu mzima kwa heshima, "gia haikuruka."

"Unasema?"

"Nilikuwa na fri. Tangu juu kabisa. Gari ilikuwa inakimbia sana nikikanyaga breki. Kama ningekuwa na gia ya pili, hata hiyo breki yako mbaya ingetupeleka kwa mtaro pole pole tu."

Nilimtazama. Kwa dakika moja hivi sikuwa mzee wa kanisa. Nilikumbuka nilivyosimama mbele ya ile meza, na yeye kando yangu, kimya, akiniacha nibebe nusu yake pamoja na nusu yangu. Maneno yaliyokuja mdomoni sikuyajifunza shule ya Biblia. Nilikunywa mursik ili yasitoke.

"Mbona hukusema pale?"

"Nilitaka. Halafu nikaona wamekuamini. Nikaona watoto." Akaweka kikombe chini. "Sijalala tangu Ijumaa. Nilikuja kushukuru, lakini kongoi imekataa kutoka."

"Meneja tutamwona kesho," nikasema. "Lakini mguu si wa meneja."

Tukaondoka vile vile na makoti yetu, tukapanda mpaka kwa Langat, karibu na Boito. Alikuwa ameketi nje, mguu umefungwa plasta, ameuweka juu ya kreti ya soda. Tulisema kila mtu lake, mimi nikaanza. Alisikiliza mpaka mwisho, akikuna plasta kwa kijiti.

"Kwa hivyo," akasema, "huyu aliacha breki mbaya, huyu akaondoa gia, na mimi nilikuwa katikati nikiimba."

"Ndiyo," Mosonik akasema.

"Na nyinyi wote mliomba hiyo asubuhi?"

"Mimi niliomba," nikasema.

"Ongeza bidii, Mzee." Hakucheka. Alitazama chini kwenye shamba lake, nusu eka ya chai iliyokuwa imeanza kurefuka kupita kiasi. "Sina kiwanda ya kuwafuta kazi. Sina ofisi. Mama watoto yuko na mtoto mdogo mgongoni na hawezi maliza hii peke yake. Majani haijui nimevunjika. Mnaona vile imekuwa?"

Tuliona.

Kesho yake meneja alimsikiliza Mosonik, akashika kichwa, akauliza kama kuna mtu mwingine gerejini mwenye la kukiri aje kabisa tumalize. Alimsimamisha kazi miezi miwili, na hakumfukuza. Kwa hivyo siku za katikati ya juma Mosonik alichuma chai pamoja na mke wa Langat, na Jumamosi nikaungana naye nilipotoka kazini.

Jumamosi ya kwanza tulichuma haraka, kwa nguvu, tukishindana, tukajaza makapu mawili makubwa. Mimi na shamba langu la mahindi, yeye na lori lake, hakuna aliyekuwa amechuma jani tangu utotoni. Tulifika kituoni tukijivuna. Foleni ilikuwa ndefu na mvua ilikuwa imejikusanya juu ya kilima. Lori lilikuwa limeshafika, injini ikinguruma. Karani wa kupokea majani alikuwa binti mdogo, mdogo kuliko Chebet wangu. Alitumbukiza mkono ndani kabisa ya kapu langu, akatoa konzi, akaitandaza mezani.

"Baba, hii haipiti."

"Kwa nini?" Mosonik akauliza.

"Tunapokea majani mawili na ncha. Hii ni majani tano na mti."

Akina mama nyuma yetu wakaangua kicheko. "Waachie wazee, hao wamezoea kubeba kuni!" mmoja akasema.

"Binti yangu," Mosonik akabembeleza, "hii ni ya mgonjwa. Tunamsaidia Langat."

"Pole kwa Langat. Lakini kwa kiwanda hakuna sufuria ya wagonjwa."

Dereva wa lori akapiga honi. Mtu akalalamika kwamba mvua imefika na majani ya watu yataharibika kwa sababu ya makapu mawili. Mosonik alinigusa kiwiko, akitaka niongee, kwa kuwa mimi ni mzee wa kanisa na baba yake yule binti nilimfahamu. Nilifungua mdomo. Nikamtazama yule mtoto, kalamu sikioni, foleni yote ikimsukuma kwa macho, na mkono wake umelala juu ya kitabu chake cha kupokelea, ambacho bado hakuwa ameandika kitu ndani yake.

"Ana haki," nikamwambia Mosonik, kisha nikamgeukia karani. "Tupe nafasi kwa meza, mama."

"Chambueni," akasema. "Mimi nangoja."

Tukamwaga makapu yote mawili, tukainama, tukaanza kuchambua jani kwa jani, na lori likangoja.